Kutoka Leso Hadi Mwavuli: Flashi na Picha za Watu Mlingotini

Ulaini wa mwanga wa flashi hutegemea mambo mawili: ukubwa wa uso unaotoa mwanga, na umbali wake na anayepigwa picha. Flashi ya juu ya kamera ina uso wa sentimita chache tu. Ndiyo maana picha za harusi za zama za mkanda, zile zilizohifadhiwa kwenye albamu za pwani ya Bagamoyo, zinafanana sana: paji la uso linang'aa, macho ni mekundu, na kivuli cheusi cha bibi harusi kimeganda ukutani nyuma yake. Jasho la pwani lilizidisha ubaya huo. Ngozi nyeusi yenye unyevu ikipigwa na mwanga unaotoka kwenye uso mdogo huurudisha kama doa jeupe. Ikipigwa na mwanga mpana, mng'ao huohuo hutandazwa na kulichora shavu vizuri. Waliosema ngozi nyeusi haikubali flashi waliilaumu ngozi bure.

Dawa ya kwanza ilikuwa leso nyeupe au karatasi iliyofungwa kwa mpira mbele ya taa. Ilipunguza nguvu ya mwanga, lakini ulaini haukuja, kwa kuwa uso wa taa ulibaki na ukubwa uleule. Mkanda wa picha 36 ulisafishwa sherehe ikiwa imekwisha, hivyo kosa halikuonekana mapema. Kamera za dijitali zilipoenea, mpiga picha aliliona kwenye skrini huku maharusi wakiwa bado wamesimama mbele yake, na hapo akaanza kutafuta vifaa kwa dhati.

Kifaa kilichotangulia ni kofia nyeupe ya plastiki inayovikwa kichwa cha flashi. Kazi yake ni kutawanya mwanga pande zote ili ugonge dari na kuta, kisha urudi ukiwa mpana. Kwa maneno mengine, dari ndiyo inayolainisha, si kofia. Katika ukumbi wenye dari nyeupe ya chini, inafaa kweli. Lakini Mlingotini, kijiji cha pwani hiyo ya Bagamoyo, shughuli nyingi huwa uani, chini ya turubai, au katika banda la makuti. Makuti humeza mwanga. Turubai la buluu hurudisha mwanga wa buluu, na kanzu nyeupe ya bwana harusi ndiyo ya kwanza kuonyesha. Ufukweni hakuna chochote cha kuurudisha, na kofia inabaki kumaliza betri.

Mabadiliko makubwa yalikuja flashi ilipotoka juu ya kamera. Flashi za bei nafuu kutoka China, kama Yongnuo na Godox, pamoja na vifaa vya kuziwasha kwa redio, zilimwezesha mpiga picha wa kawaida kuweka taa pembeni juu ya stendi na kuivika softboksi (kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga) au mwavuli. Kwa picha ya mtu mmoja, softboksi ya sentimita 60 hadi 90 inatosha, ilimradi isogezwe karibu, mita moja hivi kutoka usoni. Wengi huinunua kisha huiweka mbali, na faida yake yote hupotea.

Picha ya pamoja ina hesabu nyingine, na hapa ndipo wengi hukosea. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Taa ikiwa mita 2 kutoka safu ya mbele na mita 3 kutoka safu ya nyuma, waliosimama nyuma hupata chini ya nusu ya mwanga wa wenzao. Ikirudishwa hadi mita 4 na 5, hupata karibu theluthi mbili, na nyuso zinakaribiana. Lakini taa iliyorudishwa nyuma huwa ndogo machoni pa kundi, kwa hiyo kifaa lazima kikue: mwavuli wa sentimita 150 ulio mita 4 hulainisha sawa na softboksi ya sentimita 75 iliyo mita 2. Flashi nayo itahitaji nguvu mara nne. Taa iinuliwe juu, karibu na mstari wa kamera, ili vichwa vya mbele visitupe vivuli kwenye nyuso za nyuma.

Kinamama wa kilimo cha mwani wakipigwa picha ufukweni saa sita, jua huwa utosini na macho huzama gizani; flashi hapo ni ya kujaza vivuli tu. Tatizo ni upepo wa kusi. Mwavuli hugeuka tanga, na stendi isiyo na mfuko wa mchanga miguuni huanguka. Softboksi nayo hushika upepo, ila mwavuli ni rahisi kuukunja haraka.

Mwenye fedha ya kifaa kimoja, anayefanya kazi ya harusi na vikundi nje, anunue mwavuli mweupe mkubwa na stendi nzito, na amlipe kijana wa kuishikilia. Kofia ya plastiki ibaki kwa ajili ya kumbi zenye dari nyeupe.