Picha na Kioo Chake

Kila picha ina umbo lake, na kila kioo cha kompyuta kina umbo lake. Maumbo hayo yasipopatana, sharti kitu fulani kipotee. Wanafunzi wapenzi, yafaa tujue kitakachopotea kabla hakijapotea.

Zamani vioo vya kompyuta vilikaribia mraba: upana sehemu 4, kimo sehemu 3. Picha iliyojulikana sana siku zile ni ile ya kilima cha majani mabichi chini ya anga ya buluu. Charles O'Rear aliipiga huko California mwaka 1996, nayo ikaenea duniani pamoja na Windows XP tangu mwaka 2001. Mtu wa Njombe aionapo huweza kudhani ni vilima vya kwetu. Siku hizi vioo vingi ni vipana, sehemu 16 kwa 9.

Shuleni kwetu tulipata kompyuta yenye kioo kipana, pikseli 1920 kwa 1080. Pikseli ni vidoa vidogo vya nuru. Wanafunzi wakataka kupamba kioo kwa picha ya zamani ya darasa la saba, pikseli 1600 kwa 1200. Katika picha hiyo warefu wamesimama nyuma, wengine wameketi juu ya mabenchi, na wadogo wameketi chini majanini.

Kwanza waliivuta picha ijae kioo. Upana ukazidi, kimo kikapungua. Nyuso zikawa pana kupita kiasi kwa theluthi moja, na mpira uliokuwa mbele yao ukawa kama yai lililolazwa. Wote wakacheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa maana mmoja wa wale walioketi majanini ni mtoto tuliyemzika mwaka uliofuata, na mamaye hana picha yake nyingine.

Pili waliikuza bila kuiharibu umbo. Kioo kilijaa na kupendeza, lakini robo ya picha ilikatwa, nusu yake juu na nusu yake chini. Watoto wa majanini wakatoweka wote. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, mama yake akija hapa, tutamwambia mtoto yuko wapi?" Hakuna aliyejibu.

Tatu waliiweka picha nzima, kimo chake sawa na kimo cha kioo. Kushoto na kulia vikabaki vipande vitupu vyeusi, kila kimoja pikseli 240. Tukavipaka rangi ya kijani kilichoiva, kama majani ya chai ya Luponde, kisha tukapanga alama za programu humo, zisifunike uso wa mtu.

Basi, mtakapoweka picha, fanyeni hesabu kwanza. Gawanyeni upana kwa kimo. Picha yetu ilitoa 1.33, kioo kikatoa 1.78. Hesabu zikilingana, hakuna kitakachopotea. Zisipolingana, tazameni ni picha ya nini. Ikiwa ni ya maporomoko ya mto Ruhuji, kateni anga kidogo. Maji yatazidi kuanguka vilevile. Lakini ikiwa ni ya watu, wahesabuni kabla ya kukata, na baada ya kukata wahesabuni tena. Akikosekana hata mmoja, rudisheni picha nzima, mkaache pembeni patupu.