Mshale Uliofunika Bikoni

Mwaka 1998 nilikuwa naandika programu katika ofisi ndogo katikati ya Dar es Salaam. Kazi yetu ilikuwa kuhamisha ramani za viwanja kutoka kwenye karatasi kuziingiza kwenye kompyuta. Ramani inaskaniwa, mpimaji anaifungua kwenye monita ya chogo, kisha anabofya bikoni, zile alama za kona za kiwanja, moja baada ya nyingine mpaka mipaka ya kiwanja ikutane. Mzee mmoja aliyepima ardhi tangu mimi sijazaliwa alibofya kwa nusu saa, akavua miwani.

"Mwanangu," akaniambia, "huu mshale wako unanifunikia bikoni."

"Samahani mzee. Ungependa uweje?"

"Nataka nione ninachokigusa."

Mshale wa kawaida wa Windows unatosha kabisa kwa kubofya vitufe. Ubavu wake mmoja umesimama wima na mwingine umelala kwa nyuzi 45, kwa sababu kwenye skrini za zamani zenye nukta chache mistari ya namna hiyo ndiyo iliyochoreka bila kuvunjikavunjika. Lakini kwa mtu anayetafuta alama ndogo kuliko punje ya mchele, mwili wa mshale ni ukuta. Alichohitaji mzee ni msalaba ulio wazi katikati.

Nilinunua daftari la hesabu lenye vijiraba. Programu za kuchorea vishale zilikuwepo, ila nilitaka kuzijua biti zenyewe. Kishale cha Windows kilikuwa na nukta 32 kwa 32, na kila nukta ilibebwa na biti mbili, kila moja ikitoka kwenye jedwali lake lenye baiti 128. Jedwali la kwanza linauliza: kilichopo chini kibaki au kifutwe? La pili linauliza: sasa tuweke nini juu yake? Sifuri na sifuri ni nyeusi. Sifuri na moja ni nyeupe. Moja na sifuri ni uwazi, ramani inaonekana kama ilivyo. Moja na moja ndiyo niliyoipenda kuliko zote: nukta inakuwa kinyume cha chochote kilicho chini yake. Juu ya karatasi nyeupe msalaba ni mweusi, ukipita juu ya wino mweusi unageuka mweupe, hapo hapo, bila mtu kuuambia.

Kwa hiyo jedwali la kwanza nilijaza moja tupu, na la pili nikachora msalaba. Hapo nikakutana na jambo ambalo mpaka leo nawaambia vijana: 32 ni shufwa, haina kijiraba cha katikati. Nikaacha safu moja na mstari mmoja bila kutumia, nikachora kwa 31. Mstari wa kati, wenye uwazi wa nukta saba, niliusoma vijiraba vinne vinne na kuuandika FF F0 1F FE. Ninaukumbuka kama watu wanavyokumbuka namba ya simu ya nyumbani.

Mzee aliufurahia. Baada ya wiki mbili akarudi akiwa hana furaha: viwanja vipya havikutani na vya jirani. Maeneo yalitoka sawasawa, pembe sawasawa, ila kila kiwanja kilichopimwa kwa msalaba kilikuwa kimehama karibu mita 4 kuelekea kaskazini na karibu mita 4 kuelekea magharibi. Nilikaa na daftari usiku mzima. Kila kishale kina nukta moja ya shabaha, ile ambayo kompyuta huihesabu kuwa ndipo ulipobofya, na nukta hiyo haionekani popote kwenye mchoro. Ni namba mbili tu pembeni. Nilikuwa nimeziacha sifuri na sifuri, yaani kona ya juu kushoto, ilhali mzee alilenga kwa katikati. Nukta 15 kila upande, na kwenye ramani zetu nukta moja ilikuwa robo ya mita. Nikaandika 15 na 15. Viwanja vilivyokwisha ingizwa tulivirudisha kimoja kimoja.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Susan Kare, aliyechora alama za Macintosh ya 1984, naye alianzia kwenye daftari la vijiraba. Kishale chake kizima, michoro miwili ya 16 kwa 16 pamoja na nukta ya shabaha, kiliingia kwenye baiti 68. Nilijisikia kama niliyepata ndugu.

Msalaba wangu ulishindwa zilipokuja picha za anga. Kinyume cha nyeusi ni nyeupe, lakini kinyume cha kijivu cha kati ni kijivu: 128 inageuka 127. Juu ya vumbi na mabati msalaba ukayeyuka. Windows XP ya mwaka 2001 ilileta vishale vya rangi vyenye viwango vya uangavu, nami nikachora mstari mweusi wenye ukingo mweupe, unaoonekana popote. Ni bora, nakiri. Ila ile nukta iliyojibadilisha kufuata kilicho chini yake nimeikosa tangu siku hiyo.

Leo programu ile inafunguka kwenye kivinjari. Kishale ni faili la picha na namba mbili, mstari mmoja wa msimbo. Kijana wetu aliziacha zile namba, na kivinjari kikaweka sifuri na sifuri. Nilijua kosa liko wapi kabla hajamaliza kunieleza.

Mwaka jana wapimaji walianza kutumia tableti wakiwa kiwanjani. Hakuna kipanya tena, hakuna kishale. Binti mmoja mpimaji alinionyesha skrini, kidole chake kikiwa juu ya ramani, akasema, "Mzee, kidole kinanifunikia bikoni."

Nikamwomba anisubiri kidogo. Tukaukaza msalaba katikati ya skrini usitembee, ramani ndiyo ipite chini yake. Na uwazi wa kati nikauacha vilevile, nukta saba.