Nguo Imeondoka, Ardhi Imebaki

Thob ni gauni refu la wanawake wa Palestina, linalodariziwa kwa mkono kwa mishono midogo midogo ya msalaba. Zamani mwenye kuijua aliitazama tu akatambua mvaaji katoka kijiji gani. Mwaka 1948 vijiji vingi vikafutwa, watu wakaishia kambini. Michoro haikufutika, mama alimfundisha binti. Kwenye Intifada iliyoanza 1987, bendera yao ikiwa marufuku, wanawake waliidarizi vifuani mwa magauni. Mwaka 2021 UNESCO ikauweka udarizi huo katika orodha ya urithi wa binadamu.

Mimi ni wa Sumbawanga, na nikisoma hayo najiuliza: sisi Wafipa nguo yetu iko wapi? Maana tulikuwa nayo. Karne ya 19 Ufipa ilijulikana kwa wafumaji wake. Pamba ilistawi kwenye joto la bonde la Rukwa, ikasokotwa nyuzi, wanaume wakaifuma kwenye mtambo uliolazwa chini. Shuka moja ilikula siku nyingi. Kisha ikaja merikani, bafta na vitambaa vingine vya kiwandani. Mfumaji wa mkono angeshindana vipi na mashine? Wakaacha mmoja mmoja, kimyakimya.

Hapo ndipo ninapokwama. Wapalestina walinyang'anywa ardhi, wakaibeba kwenye nguo. Sisi ardhi tunayo, kila masika tunaipigia matuta, lakini nguo imeondoka na hakuna aliyekaa matanga.

Bibi yangu hakuwahi kuvaa shuka ya Kifipa. Alivaa kitenge kama wenzake. Ila alidarizi vitambaa vya makochi, kazi aliyofundishwa na masista akiwa msichana: mawaridi, njiwa, na maneno "Karibu Mgeni". Nyumba nyingi za Tanzania zina vitambaa hivyo, huwezi kusema hiki ni cha Sumbawanga na kile cha Songea. Lakini kimoja cha bibi, pembeni mwa waridi, kina masuke ya ulezi. Waridi alifundishwa. Ulezi aliutoa shambani kwake, na hakuna sista aliyemchorea.

Kwenye thob kuna mchoro wa masuke ya ngano. Naamini nao ulianza hivyohivyo: mwanamke mmoja alitazama shamba lake, akachomeka sindano, kisha jirani akaja kuiga. Ulezi wa bibi umekosa jirani tu.