Mloreli wa Jikoni

Apandaye mloreli, yaani ule mti ambao majani yake makavu hutiwa katika mchuzi wa nyama ili kuuletea harufu nzuri, hana budi awe mvumilivu. Asili yake ni nchi za kandokando ya Bahari ya Mediterania. Mbegu yake yaweza kukaa udongoni hata miezi sita kabla ya kuota, na kitawi kilichokatwa hukawia vilevile kutoa mizizi. Wengi huona mti umelala, wakaumwagia maji asubuhi na jioni, na maji hayo ndiyo yauuayo. Debe kuukuu latosha, mradi litobolewe matundu chini.

Lakini iko hatari ipitayo kukawia. Oleanda, upandwao sana bustanini kwa ajili ya maua yake mekundu na meupe, huweza kudhaniwa kuwa ndio mloreli, nao ni sumu kali kila sehemu yake. Majani ya oleanda ni membamba, marefu, nayo huota matatu matatu mahali pamoja penye tawi. Ya mloreli ni mapana zaidi, hupishana moja moja, na yakifikichwa hunukia. Basi jirani aletaye kitawi kwa ukarimu asiudhike akimwona mwenyeji wake anahesabu majani kwanza.