Karatasi haimjui mtoto wa kigogo

Kijiweni kwetu hapa Dunda kuna wanaotaka mitihani ya taifa ifutwe, eti inaua vipaji. Jamani, taratibu! Mkiifuta mtaweka nini?

Maana kupunguza makali ya mtihani kulishajaribiwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kijana akimaliza kidato cha sita aende jeshini, afanye kazi, ndipo aombe chuo kikuu, akiwa na barua za mwajiri na za chama. Nia ilikuwa nzuri, wasomi wasijione miungu watu. Lakini barua huandikwa na mtu, na mtu ana mpwa wake. Mtoto wa mvuvi angeandikiwa na nani? Utaratibu ule uliachwa miaka ya 1980.

Karatasi ya mtihani ina namba tu, jina hakuna. Msahihishaji hajui kama baba yako ana Pajero au ngalawa. Kwa hilo naupigia saluti.

Ila msomaji wangu, kusahihishwa sawa si kufundishwa sawa. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, kufika kidato cha kwanza karibu kila somo Kiingereza. Sekondari niliyosoma mie, maabara ilikuwa stoo ya madawati mabovu. Kemia tuliichora ubaoni. Siku ya mtihani nikapewa maswali yale yale ya kijana aliyeshika chupa za maabara miaka minne. Nikaambulia daraja la nne, kidato cha tano nikakisikia kwa wenzangu. Swahiba wangu anajua maji kupwa na kujaa kuliko mwalimu, lakini swali lilikuja kwa Kiingereza, akaliacha wazi. Hapo kilichopimwa ni nini?

Na alama zenyewe hazikushuka kutoka mbinguni. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Mwezi Mei serikali ikayafuta, yakapangwa upya. Majibu ni yale yale, lakini baadhi ya waliofeli wakaamka wamefaulu!

Kwa hiyo mie nasema mtihani ubaki. Ila maabara zije kwanza, na mtoto aulizwe kwa lugha anayoielewa. Anayebisha anikute soko la samaki jioni, tumalizane kwa hoja, si kwa ngumi.