Nauli ya Kwenda na Kurudi

Mwaka 2012 nilimwita mdogo wangu mwizi, na nilikuwa na grafu ya kuthibitisha.

Mama alikuwa anakaanga samaki Kigamboni. Kila alfajiri alivuka na pantoni hadi Feri, akasimama mnadani na ndoo yake, akarudi na vibua au changu wadogo kabla jua halijawa kali. Usiku alitenga pesa ya samaki wa kesho, mafuta, mkaa na chakula cha nyumbani, akaandika kilichobaki kwenye daftari na kukitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku ya hasara aliandika kwa kalamu nyekundu, na kopo likatoa badala ya kupokea. Pesa zile zilikuwa za twisheni yangu.

Nilikuwa kidato cha tatu na fizikia ilikuwa inanitesa. Mwalimu alichora grafu ya velositi na muda: mstari ukapanda, ukalala, ukashuka. Akauliza, hapa unaposhuka chombo kinafanya nini? Nikanyoosha mkono upesi. Kinarudi. Hakuna aliyenicheka, kwa sababu darasa zima liliona hivyo hivyo.

Mwalimu akaacha Kiingereza cha kitabu. "Pantoni ikikaribia Kigamboni inapunguza mwendo. Imerudi Magogoni?"

Haijarudi. Inakwenda mbele, ila polepole. Mstari unaposhuka lakini bado uko juu ya sifuri, chombo kinazidi kusonga mbele. Kurudi kunaanza pale mstari unapovuka sifuri kwenda chini. Na eneo lililo kati ya mstari na sifuri ndilo linalokuambia umefika wapi: mita 2 kwa sekunde, kwa sekunde 200, ni mita 400. Pantoni ikirudi, mita 400 nyingine zinakaa chini ya sifuri. Ukijumlisha na alama zake unapata sifuri, na hiyo ndiyo displesimenti. Yenyewe inauliza tu ulianzia wapi na sasa uko wapi. Ukizihesabu zote bila alama unapata 800, ambao ni umbali.

Nilirudi nyumbani nimelewa elimu. Nikachukua daftari la mama na karatasi ya grafu. Faida ya siku nikaifanya velositi; kopo likawa displesimenti. Nilianzia Februari. Hadi mwishoni mwa Machi mstari ulikuwa juu, kisha masika yakaingia, kusi ikaanza kuvuma, samaki wakaadimika mnadani na mstari ukaanza kushuka. Nilikuwa nimezoea kusema biashara ya mama inarudi nyuma. Sasa niliona kwamba, ukiacha siku tisa za kalamu nyekundu, haikuwa imerudi hata siku moja. Nilifurahi kweli. Nikajumlisha eneo lote: shilingi 214,500.

Nikafungua kopo. Zilikuwamo 180,500.

Mdogo wangu alikuwa na miaka 11 na juzi yake alikuwa amekula aiskrimu. Nilimtandikia karatasi mbele ya mama kama wakili. Akaapa, akalia, akaapa tena. Mama alitazama ile karatasi muda mrefu, asiielewe, na nadhani aliiamini kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto alilala bila kula. Kwa siku nne hakugusa samaki wa mama wala hakuniita dada.

Jumamosi nilimsindikiza mama Feri. Pale tiketi zinapokatwa alifungua pindo la kanga, akatoa mia mbili yake na mia mbili yangu.

"Mama, hizi unaziandika wapi?"

"Nauli niiandike ya nini? Nachota kwenye kopo asubuhi, naondoka. Nauli si biashara, mwanangu."

Januari ya mwaka ule nauli ilikuwa imepanda kutoka shilingi 100 hadi 200. Watu walilalamika sana, nami nilikuwa mmoja wao, ila haikunijia kwamba malalamiko yale yangeweza kuwa na nafasi kwenye grafu yangu. Pantoni lilipoondoka nilianza kuhesabu nukta kichwani. Siku 78 za kuvuka. Kila jioni mama alikuwa pale pale alipoamkia, displesimenti sifuri, lakini mkata tiketi hajawahi kumrudishia mtu pesa kwa sababu amerudi. Yeye analipisha umbali. Mara 78 kwa shilingi 400: 31,200. Kwa nauli ya zamani ingekuwa 15,600.

Usiku ule nilimwomba mdogo wangu radhi, mama akiwepo, kwa sababu nilimshtaki mama akiwepo. Nikamchorea mstari mpya chini ya sifuri, mwembamba, umenyooka kutoka Februari hadi Mei. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akajivutia sahani, akala vibua viwili bila kusema neno.

Zilibaki shilingi 2,800 ambazo sikuziona popote kwenye daftari. Sikumuuliza.