Waja Leo, Waondoka Leo

Watu wa Tanga wana utani wa zamani juu ya mji wao. Huuita "Waja Leo, Waondoka Leo". Nimeusikia kwa makondakta wa mabasi pale Kange, nimeusikia sokoni, na mwaka wangu wa kwanza hapa niliusikia ndani ya kikao cha wazee wa kanisa, ukisemwa juu yetu sisi wachungaji. Mzee mmoja alitaka kujua kama mchungaji huyu mpya atakaa, au naye ataanza kuulizia nafasi milimani mara kaskazi ikianza kuvuma.

Swali lake lilikuwa la haki. Mimi ni mtoto wa Usambara. Nimezaliwa kwenye ukungu, na theolojia nimeisoma Makumira, chini ya Mlima Meru, ambako mwezi wa Julai mtu hujifunika blanketi mbili na bado miguu inalalamika. Nilipopangiwa Tanga, ndugu zangu walinipa pole. Huu ni mwaka wa kumi na moja.

Shida za mji wa joto hazihitaji kutafutwa, zinampokea mgeni stendi. Kuanzia Desemba hadi Machi upepo wa kaskazi huleta joto la nyuzi 32 mchana, na kwa sababu ya unyevu wa bahari usiku nao haupoi kiasi cha kumfaa aliyechoka. Kalenda ya kanisa haikupangwa na mtu wa pwani. Krismasi, Epifania na sehemu kubwa ya Kwaresima huangukia humo humo. Mchungaji anasimama altareni amevaa shati la kola, juu yake kanzu, juu yake stola, na mishumaa iliyo mbele yake imeanza kuinama kama wazee wanaosinzia. Mkate wa Meza ya Bwana usipowekwa kwenye kopo linalofunga vizuri hulainika mpaka ukashindwa kuumega. Mlimani nilizoea mahubiri ya dakika arobaini. Hapa nahubiri dakika ishirini, na nina hakika wapo waumini wanaomshukuru Mungu kwa ajili ya joto.

Kisha kuna kutu. Hewa ya chumvi haina heshima kwa mali ya kanisa. Mabati, nondo, misumari, vipaza sauti, tarumbeta za vijana, vyote vinaliwa polepole, na mhazini wa usharika anaweza kukuonyesha kwenye vitabu vyake kwamba fedha ambayo usharika wa mlimani unajengea darasa la Shule ya Jumapili, sisi tunarudishia paa. Vitabu vyangu navyo huota ukungu. Kila baada ya masika naviweka juani mkekani kama muhogo.

Haya ni madogo. Kubwa ni homa. Malaria imepungua sana kuliko nilivyoikuta utotoni nilipokuwa nikija kwa shangazi, lakini haijaondoka, na mwaka 2019 dengue ilipozuka Dar es Salaam na hapa kwetu, nililala siku sita nikisikia mifupa kama inapondwa kinuni. Nimezika watoto wachanga katika mji huu. Mtu akiniambia kwamba joto ni neema tupu, namwomba aje nami Bombo, wodi ya watoto, mwishoni mwa masika.

Sasa nizungumze juu ya upande wa pili, ambao ulinichukua muda mrefu zaidi kuuona.

Mji wa joto una huruma kwa mwili wa maskini. Mlimani baridi ni gharama: kuni za kuota moto, sweta la kila mtoto, blanketi, na kifua kinachobana kila Julai. Hapa mtoto anakimbia bila viatu na hakuna anayemhurumia. Bibi mmoja wa usharika wetu alishuka kutoka Lushoto akitembea kwa fimbo kwa sababu ya viungo. Fimbo hiyo sasa anaitumia kuangushia maembe. Nchi ni tambarare, na baiskeli inakufikisha kila mahali, kwa hiyo hata mwinjilisti asiye na nauli huwafikia wagonjwa wake. Asubuhi mtu akiwa na fedha kidogo anakula mbaazi za nazi na maandazi, ameshiba mpaka adhuhuri. Kwenye mnada baada ya ibada hatuna viazi wala kabeji kama wenzetu wa juu, lakini tuna madafu, nazi, machungwa ya Muheza, na siku nyingine changu aliyefungwa kwenye kuti. Na kaskazi haidumu. Baada yake inakuja kusi, na mwezi wa Juni jioni unaweza kukaa ufukweni Raskazone ukadhani ulimwengu umetengenezwa upya.

Lakini faida iliyonibadilisha ni nyingine. Joto linawatoa watu nje.

Kwetu milimani, ukungu ukishuka jioni mlango hufungwa. Kila familia ina moto wake, na anayebisha hodi saa mbili usiku ameleta habari ya msiba. Ni maisha mema, nami nimelelewa humo. Hapa haiwezekani. Baada ya alasiri nyumba imekuwa tanuri, hasa nyumba zetu za kupanga zenye bati na dirisha moja. Tajiri anaweza kujifungia na kiyoyozi chake. Sisi wengine tunatoka barazani. Mkeka unatandikwa, muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe, kashata zinatolewa, na mambo yote ya mtaa yanazungumzwa mbele ya watu wote. Nafikiri zaidi ya nusu ya kazi yangu ya uchungaji imefanyika juu ya baraza ambalo hata si la nyumba yangu. Ni la jirani yangu mvuvi, Mdigo, Mwislamu, anayeuza samaki wake pale Deep Sea. Hapo ndipo nimeulizwa maswali ambayo sikuwahi kuulizwa chuoni: kwa nini mwasema Mungu ana Mwana, kwa nini hamtawadhi, kwa nini padri wenu ana mke na padri wale hana. Nami nimeuliza yangu. Hatujawahi kugeuzana, na hatujawahi kugombana. Mwezi wa Ramadhani futari inapita kwenye mlango wangu, na siku ya Krismasi pilau ya mke wangu inavuka njia kwenda kwake.

Hapo ndipo nilianza kusoma upya Matendo ya Mitume sura ya 10. Tumezoea kuihubiri kwa ajili ya lile shuka lililoshuka kutoka mbinguni na wanyama wake. Tazama mahali. Petro yuko Yafa, mji wa bandari. Amefikia kwa Simoni mtengenezaji wa ngozi, nyumba iliyo kando ya bahari, na mtu yeyote aliyewahi kupita penye ngozi mbichi anajua kwa nini nyumba hiyo ilipelekwa kwenye upepo. Ni adhuhuri. Petro amepanda juu ya dari kuomba, na ana njaa. Maono yanamjia huko nje juu ya nyumba, na bado anayafikiri watu watatu wasio wa jamaa yake wanapofika mlangoni kumuulizia. Luka angeweza kutuambia tu kwamba Petro aliona maono. Ametupa mji, nyumba, bahari, saa na njaa. Mtu wa Tanga anaelewa mara moja kwa nini Petro alikuwa darini saa hiyo.

Kanisa letu, hata hivyo, limekuwa na uhusiano mgumu na joto hili tangu mwanzo. Wamisionari wa Bethel waliingia kwa bandari ya Tanga, lakini mwaka 1891 Johanssen na Wohlrab walikuwa wamekwisha panda Mlalo, na huko juu ndiko kazi iliota mizizi. Siwalaumu. Homa ya pwani ilikuwa inaua, na milima ilikuwa na ubaridi wa kwao. Serikali ya Wajerumani nayo ilipapenda Lushoto mpaka ikapaita Wilhelmstal. Hata leo makao makuu ya Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki yako Lushoto. Tanga ilikuwa mlango wa kupitia kwenda mahali penyewe.

Waliobaki chini waliletwa na kazi. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalikuja mashamba yasiyo na mwisho, na kwa mashamba hayo walikuja manamba kutoka Kigoma, Njombe, Songea, Tabora na kwingineko. Wengi walikuja kwa mkataba na nia ya kurudi kwao. Nailoni ilipoangusha bei ya mkonge, wengine walirudi na wengine hawakuwa na nauli. Ukihesabu koo katika usharika wetu utawakuta wajukuu wao. Na sasa wanakuja wapya, kwa ajili ya bandari na kwa ajili ya lile bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaloishia Chongoleani. Wanafika ibadani, nawakaribisha, na sentensi yao ya kwanza karibu daima ni moja: "Mchungaji, mimi niko hapa kwa muda tu."

Unaweza kukaa Tanga kwa muda tu kwa miaka arobaini. Ushahidi ni mazishi yetu. Jirani Mwislamu akifa alfajiri, kabla ya magharibi amezikwa, kwa dini na pia kwa sababu joto haliruhusu kusubiri. Mlutheri akifa, simu zinaanza kwenda bara. Mwili unabaki mochwari, gari linatafutwa, michango inapitishwa, mjane anakopa, na siku ya nne au ya tano tunaaga jeneza kanisani nalo linapanda basi kwenda Njombe, Moshi au Bumbuli. Mtu aliyebatizwa hapa, akafunga ndoa hapa, akasomesha hapa, hatuna hata mahali pa kupeleka maua yake. Majirani wametuuliza barazani, kwa upole, kama tunawachukia.

Miaka mitatu iliyopita alifariki mzee wa kanisa aliyeletwa na baba yake kutoka Njombe akiwa mtoto, enzi za mkonge. Alikuwa ameniambia mbele ya mkewe na wazee wawili, "Jasho langu lote limemwagika hapa. Njombe nitapelekewa nini?" Ndugu walifika na gari limeshalipiwa nusu. Tulikaa kikao cha saa tano, na kaka mkubwa wa marehemu alilia akisema kwamba kumwacha ufukweni ni kumtupa. Sikuweza kumwambia kwamba uchungu wake ni ushamba, maana Yakobo mwenyewe aliwaagiza wanawe wamrudishe Makpela. Nilimkumbusha tu jinsi Makpela lilivyopatikana. Ibrahimu alikuwa mgeni kati ya Wahiti, na ardhi ya kwanza aliyoimiliki katika nchi ya ahadi lilikuwa kaburi la mkewe. Alilinunua kwa bei kamili, shekeli mia nne, mbele ya watu wote langoni, akakataa kupewa bure.

Mjane ndiye aliyeamua. Alizikwa hapa hapa, siku ya pili. Vijana wa mtaa, wengi wao Waislamu, walichimba kaburi usiku kabla jua halijawa kali, na mama zao walileta masufuria ya chai na mikate. Yule kaka alikaa nao mkekani siku tatu. Alipoondoka aliacha namba ya simu kwa jirani yangu mvuvi, siyo kwangu.

Nyumbani kwangu swali hili nalo lipo mezani. Nina kipande cha shamba mlimani, cha baba, na mke wangu huuliza kila mwaka tutajenga wapi. Watoto wetu wawili wamezaliwa Bombo. Kisambaa wanakisikia, hawakisemi. Tukienda kwa bibi yao wanakaa karibu na moto wakiuliza tunarudi lini nyumbani, na wakisema nyumbani wana maana ya Tanga. Mama yangu huwa anainuka na kwenda kuangalia ng'ombe.

Usharika umeanza kutafuta eneo la makaburi yetu, upande wa Pongwe. Wapo wanaopinga, nao wana sababu: paa la kanisa linavuja, na fedha ni hizo hizo. Mhazini anasema ekari moja ingetosha kuezeka upya upande wote wa kaskazini. Kamati imekwenda kuliona shamba mara mbili, mwenye shamba amepunguza bei kidogo, na tumekubaliana kikao kijacho kifanyike saa kumi na moja jioni, nje, chini ya mwembe, upepo ukishaanza.